Seva ya nyumbani inaonyesha RAM asilimia 95: ninunue nyingine?

"Assalaam alaikum fundi. Nina studio ndogo ya video hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Napiga harusi, Maulidi na shughuli za skuli. Nilinunua kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye RAM ya GB 32, nikaweka Proxmox 7 (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa za kidijitali ndani ya kompyuta moja), sasa nimeipandisha hadi 8. Iko kwenye SSD mbili za GB 500 nilizozifunga pamoja kwa ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda data diskini. Ndani yake kuna TrueNAS SCALE, mashine pepe ya kuhifadhi mafaili niliyoipa GB 16 za RAM, na diski mbili za TB 4 zinazopita kwenye kadi ya LSI ya kuunganisha diski, ambayo nimeikabidhi TrueNAS moja kwa moja. Tangu nilipoipandisha TrueNAS hadi 24.04, RAM yake imetoka nusu ikafika asilimia 95 na haishuki. Fundi mmoja aliniambia kumbukumbu inavuja, ninunue RAM nyingine. Kwa sasa nimepanga Proxmox iizime TrueNAS na kuiwasha tena kila usiku saa nane ili isafishike, na nimeweka kiwango cha chini cha GB 4 ili kinachobaki kirudi kwa Proxmox. Mwezi uliopita niliongeza mashine ya Immich ya GB 6 kwa picha za wateja. Nakala yake huhifadhiwa saa saba na nusu usiku. Tangu hapo, mara mbili nimeamka nikaikuta TrueNAS imezimika. Tena kunakili video kutoka laptopu ni polepole mno. Ninunue RAM? Na video za watu ziko salama?"

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Umefanya vizuri kutaja hata saa ya nakala za usiku, kwa sababu saa hiyo ndiyo iliyonielekeza kwenye tatizo.

RAM usinunue bado. Asilimia 95 ndani ya TrueNAS si ugonjwa. Kuzimika kwa mashine ni tatizo la kweli, ila chanzo chake kiko nje ya TrueNAS, kwenye Proxmox yenyewe, na dawa yake haigharimu shilingi. Kunakili polepole ni jambo la tatu ambalo halihusiani na hayo mawili. Yamekujia kwa pamoja, ukayaona ni jambo moja.

Tuanze na hiyo namba inayokutisha. ZFS ina kashe yake, yaani ghala la muda la data, ndani ya RAM, inayoitwa ARC. Mbinu yake ilibuniwa na watafiti wawili wa IBM, Nimrod Megiddo na Dharmendra Modha, wakaitangaza mwaka 2003, na watu wa Sun Microsystems wakaichukua walipokuwa wakitengeneza ZFS. Kazi yake ni kuweka karibu data iliyosomwa, ili ikitakiwa tena isifuatwe kwenye diski. ARC hutunza makundi mawili: data iliyoguswa hivi karibuni, na data inayoguswa mara kwa mara. Hukumbuka pia majina ya vitu ilivyovitoa karibuni, na kama kimojawapo kikiombwa tena, hujua kundi lipi linafaa kuongezewa nafasi. Ndiyo maana ukifungua video ya harusi ya saa tatu na kuitazama mara moja, haifukuzi orodha za mafaili na vitu vingine unavyovigusa kila siku.

Kashe ya namna hii haina sababu ya kuacha nafasi wazi. Mwenye duka haachi rafu tupu ati kwa sababu kesho huenda akaleta bidhaa nyingine. Huzijaza, na bidhaa nyingine zikija huzisogeza zilizopo. RAM iliyokaa bure haikusaidii chochote, na umeme inatumia uleule.

Na kwa nini ilipanda ghafla baada ya kupandisha toleo? Kwa miaka mingi ZFS kwenye Linux iliwekewa kikomo cha nusu ya RAM yote, wakati kwenye FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, iliruhusiwa kuchukua karibu yote. TrueNAS SCALE ni Linux, kwa hiyo ilifuata kikomo cha nusu mpaka toleo la 24.04, ambapo waliamua ARC ifanye kama ilivyofanya kwenye FreeBSD. Ulichokiona ni uamuzi wa waliotengeneza programu, na kwa mashine ambayo kazi yake ni kuhifadhi mafaili tu, ni uamuzi mzuri.

Fundi wako simlaumu sana. Vipimo vyenyewe vinadanganya. Kwenye Linux ya kawaida, kashe ya mafaili huonekana peke yake kwenye safu ya buff/cache ukiandika free -h, na mtu akaelewa kwamba hiyo inaweza kuachiliwa. ARC haimo kwenye safu hiyo. Inahesabiwa kama kumbukumbu iliyotumika, sawasawa na programu yenye njaa. Proxmox nayo inaitazama TrueNAS kutoka nje, haiwezi kupambanua kashe na programu. Anayeweza kupambanua ni TrueNAS mwenyewe: fungua ukurasa wake wa mwanzo, kwenye kisanduku cha kumbukumbu utaona sehemu ya kashe ya ZFS imetengwa na sehemu ya huduma. Kwako natarajia sehemu kubwa kabisa iwe kashe.

Kumbukumbu inayovuja kweli ina sura nyingine. Ni programu moja ambayo leo inatumia GB 1, keshokutwa GB 2, wiki ijayo GB 4, huku kashe ikisukumwa na kunywea siku hadi siku. Ukiandika vmstat 1 na kutazama safu za si na so, utaona namba zinacheza bila kutulia, maana yake mashine inahamishia kumbukumbu diskini na kuirudisha. Ukifungua /proc/pressure/memory utakuta wastani wake si sifuri. Kama kwako safu hizo ni sifuri na kashe imenenepa, hakuna kinachovuja. Jambo moja la kuangalia, kwa sababu uko kwenye kazi ya video: programu za kuonyesha video huweza kuelekezwa kuweka vipande vya muda ndani ya /dev/shm. Huko ni RAM, hata kama kunaonekana kama folda. Kama uliwahi kufuata maelekezo ya aina hiyo, yatoe.

Sasa kwenye kuzimika. Hapa inabidi tutoke ndani ya TrueNAS tukakae kwa mwenyeji, yaani Proxmox.

TrueNAS umeipa GB 16 na umeikabidhi kadi ya LSI. Kadi ya aina hiyo huandika na kusoma RAM yenyewe, bila kupitia kwa kichakataji. Kwa hiyo mwenyeji analazimika kuifunga RAM yote ya mashine hiyo mahali pake tangu inapowashwa. Hawezi kuihamisha wala kuazima kipande chake, maana kadi inaweza kuandika hapo wakati wowote. Hizo GB 16 zimekwenda zote tangu sekunde ya kwanza, iwe TrueNAS inazitumia au haizitumii. Na hapo ndipo kile kiwango cha chini cha GB 4 kinapopoteza maana. Proxmox huwa inapuliza puto ndani ya mgeni, yaani mashine pepe, ili aachie RAM, lakini kwa mashine iliyokabidhiwa kadi, mgeni anaweza kubanwa na mwenyeji bado asipate kitu. Ni hasara kwa wote wawili.

Mashine ya Immich ina GB 6. Proxmox yenyewe na huduma zake, pamoja na ziada inayobebwa na kila mashine pepe, tuseme GB 2. Mpaka hapo tumefika 24 kati ya 32, na ungedhani mambo ni mazuri.

Lakini SSD zako mbili nazo ziko kwenye ZFS. Basi mwenyeji ana ARC yake mwenyewe, mbali na ile ya TrueNAS. Proxmox ilianza kuiwekea ARC kikomo cha asilimia 10 ya RAM kuanzia toleo la 8.1, na kwa waliosakinisha upya tu. Wewe ulianza na 7 ukapandisha, kwa hiyo umebaki na kikomo cha zamani: nusu, yaani GB 16. Jumlisha 24 na 16 ni 40. Kompyuta yako ina 32.

Utaniuliza: si umesema kashe husogea ikihitajika? Husogea, ndiyo, ila kwa mwendo wake. Programu ikiomba kidogo kidogo, ARC hunywea na hakuna anayejua. Ikiombwa GB 16 kwa mkupuo, tena zinazotakiwa zifungwe mahali pake papo hapo, inaweza isiwahi. Na ni wakati gani seva yako huombwa GB 16 kwa mkupuo? Saa nane usiku, kila usiku, unapoizima TrueNAS na kuiwasha.

Tazama mfuatano wake. Saa saba na nusu nakala ya Immich inaanza. Proxmox inasoma diski nzima ya mashine hiyo kutoka kwenye SSD, na kila kinachosomwa kinapitia ARC ya mwenyeji. Saa nane TrueNAS inazimwa, GB 16 zinaachiliwa, na kama nakala bado inaendelea, ARC inaanza kuvimba kwenye nafasi hiyo. Dakika moja baadaye TrueNAS inawashwa na kudai GB 16 zake zote. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ikikosa pa kuzitoa, huchagua programu moja na kuiua ili mfumo mzima usianguke. Huchagua zaidi kwa ukubwa. ARC iko ndani ya kerneli yenyewe, haina programu ya kuuawa. Programu kubwa kuliko zote kwenye kompyuta yako ni kvm inayobeba TrueNAS. Kabla ya Immich kulikuwa na nafasi ya GB 6 zaidi, na ndiyo iliyokuwa ikikuokoa. Ile dawa ya kusafisha kila usiku ndiyo inayoleta maradhi.

Haya ni maoni yangu kutokana na uliyoyaandika, na unaweza kuyathibitisha mwenyewe. Kwenye Proxmox, si ndani ya TrueNAS, andika:

journalctl -k | grep -i "out of memory"

Kama kompyuta yote iliwashwa upya baada ya tukio, ongeza -b -1 baada ya -k. Ukiona mstari unaosema Out of memory: Killed process, ukiwa na jina la kvm na saa ya usiku ule, basi ndiyo hiyo. Usipouona kabisa, simama hapo. Usiendelee kubadilisha mambo kwa kukisia. Tazama pia orodha ya kazi za Proxmox za usiku huo, kwani yawezekana mashine haikuuawa bali ilishindwa kuwaka kwa kukosa RAM, ambalo ni tawi jingine la mti uleule.

Halafu pima ARC ya mwenyeji:

grep -E '^(size|c_max) ' /proc/spl/kstat/zfs/arcstats

Namba ya size ni inayotumika sasa, c_max ni kikomo, zote kwa baiti. Nikikisia sawa, c_max itakuwa karibu bilioni 16 na ushei.

Tiba ni kukishusha kikomo hicho. Kwa SSD za GB 500, GB 3 zinatosha sana. Fungua faili la /etc/modprobe.d/zfs.conf, ulitengeneze kama halipo, uandike mstari huu mmoja:

options zfs zfs_arc_max=3221225472

Kisha, kwa sababu Proxmox yako inawaka kutoka kwenye ZFS yenyewe, mstari huo hautasomwa mpaka uandike:

update-initramfs -u -k all

Wengi husahau hatua hiyo, wakawasha upya, wakakuta hakuna kilichobadilika. Ukitaka kikomo kianze kazi sasa hivi bila kuzima:

echo 3221225472 > /sys/module/zfs/parameters/zfs_arc_max

Itachukua muda kidogo kunywea, usiwe na haraka nayo. Baada ya hapo ondoa ratiba ya saa nane usiku, na kwenye mipangilio ya TrueNAS zima puto kabisa ibaki na GB 16 zisizobadilika. Hesabu mpya: 16 za TrueNAS, 6 za Immich, 3 za ARC ya mwenyeji, 2 za Proxmox. Jumla 27, na unabakiwa na 5 za kupumulia. Asubuhi TrueNAS itakuwa nyepesi kuliko ulivyoizoea, kwani mpaka sasa kila kukicha ilikuwa inaanza na kashe tupu.

Njia nyingine zipo. Unaweza kuishusha TrueNAS hadi GB 12, na kwa mtu mmoja mwenye mafaili makubwa ya video sidhani kama utahisi tofauti. Ile kanuni ya GB 1 ya RAM kwa kila TB 1 ya diski haikufungi. Ni makadirio ya zamani yaliyogeuzwa sheria. Kiwango cha chini ambacho TrueNAS wenyewe wanakitaka ni GB 8. Mimi ningeanza na 16 kwanza, kisha nishuke siku nitakapotaka mashine ya tatu. Kuongeza RAM kuna maana kama Immich itakua na kuanza kutambua nyuso kwenye makumi ya maelfu ya picha, au ukiongeza huduma nyingine. Hapo nunua, ila iwe ya kulingana na iliyomo, na kikomo cha ARC kibaki palepale.

Kuna pia njia ya kuachana na Proxmox, ukaweka TrueNAS moja kwa moja kwenye kompyuta na Immich ikawa programu ndani yake. Kashe inakuwa moja, hesabu inakuwa moja. Kwa studio ya mtu mmoja naipenda sana njia hiyo, na laiti ungeniuliza kabla hujanunua ningekushauri hivyo. Lakini kwa kuwa tayari mambo yanafanya kazi, kuhama kwa ajili ya tatizo linalotibika kwa mstari mmoja ni kujitafutia usiku wa kazi bure.

Usiyoyahitaji kabisa: SSD ya kuongeza kashe ya pili, ambayo nayo hula RAM kutunza faharasa yake, na ile huduma ya kuunganisha data zinazofanana. Video mbili za harusi hazifanani hata baiti kwa baiti, na faharasa ya huduma hiyo inaweza kumeza GB kadhaa kwa kila TB. Ukiiwasha leo, data iliyoandikwa itabaki na mzigo huo hata ukiizima kesho.

Unakili wa polepole sasa. RAM haihusiki. Video ndefu husomwa na kuandikwa mara moja, kashe haina cha kuisaidia. Waya wa mtandao wa gigabiti moja hufikisha karibu MB 110 kwa sekunde, na diski zako mbili zinaweza kuufikia bila shida. Hukusema kama laptopu imeunganishwa kwa waya, nami nitabahatisha kwamba ni kwa waifai. Na wewe uko Langoni, kwenye nyumba za mawe ya matumbawe zenye kuta ambazo hata simu hutoka mtu akaipokelea barazani. Chukua waya, laza laptopu karibu na ruta, nakili faili lilelile. Ikiruka kutoka MB 8 hadi MB 100, umepata jibu, na gharama yake ni waya mrefu na tundu moja ukutani.

Na usalama wa video. ZFS haiandiki juu ya data iliyopo. Huandika pembeni, kisha huhamisha rejea kwa hatua moja. Mashine ikiuawa katikati, unachoweza kupoteza ni sekunde chache za mwisho za yale yaliyokuwa yakinakiliwa, na saa nane usiku nadhani hukuwa ukinakili kitu. Hata hivyo hakikisha. Ndani ya TrueNAS andika zpool status -v, kisha anzisha ukaguzi wa hifadhi nzima, ambao kwa diski zako unaweza kuchukua saa nyingi. Safu za READ, WRITE na CKSUM, zinazohesabu makosa ya kusoma, ya kuandika na ya data iliyoharibika, zote ziwe sifuri ukiisha.

Zikiwa si sifuri, hapo maneno ya kwenye skrini yanakoma na unahitaji mtu wa kushika kompyuta. CKSUM ikipanda kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja, mara nyingi diski hazina kosa. Shuku RAM mbovu, kadi ya LSI iliyopata joto kupita kiasi, au miguu ya RAM iliyoliwa na hewa ya chumvi, jambo ambalo sisi wa pwani tunalijua. Kadi hizo zilitengenezwa kwa seva zenye feni kali. Ndani ya kasha la ofisi, kwa joto la Machi, hazipumui. Acha Memtest86+, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku mzima, na kosa hata moja linatosha kuikataa RAM hiyo. Na ukiona hifadhi imeandikwa FAULTED au haifunguki, usijaribu amri za kulazimisha ulizozisoma popote. Zima, tafuta mwenye uzoefu wa ZFS. Kama ni lazima diski zivuke kwenda Mokowe na kupanda basi mpaka Malindi au Mombasa, funga kila moja peke yake kwenye mfuko usiopitisha maji na sponji nene, zisafiri mkononi na si kwenye buti la basi, na ikiwezekana zisafiri siku mbili tofauti.

Kabla ya kugusa lolote katika haya, nakili zile harusi ambazo hujawakabidhi wenyewe kwenye diski ya nje, uiweke nyumba nyingine. Diski mbili zenye nakala ileile hukulinda na diski moja kufa, hazikulindi na stima iliyopiga kasha zima. Nitumie matokeo ya zile amri mbili za mwanzo pamoja na zpool status, tuone kama c_max ni ile niliyoikisia.